Mistari Mitatu na Tairi la Akiba

Mheshimiwa Bwana Mkuu wa Wilaya, uliyeacha kazi zako uje kutufungulia karakana hii, Mchungaji Asukile, Mzee wetu Eliezeri uliye Mwenyekiti wa Halmashauri ya Shule, Mwalimu Mkuu Abrahamu na walimu wenzako, kina mama na kina baba mliopanda mlima tangu alfajiri, nanyi vijana saba wa darasa la kumi na mbili mliokaa benchi la mbele: nawasalimu nyote.

Mwezi wa Juni mwaka huu wa 1958, vijana watano wa shule hii walipoteza nafasi ya kusomea uhandisi. Hawakushindwa mtihani, walifaulu wote. Waliipoteza kwa sababu fomu ya maombi ina mistari mitatu ya kuandika vyuo, na sisi tuliwaruhusu kujaza mmoja.

Nimeombwa niseme neno kwa niaba ya wazazi, nadhani ni kwa kuwa mabati haya yaliyo juu ya vichwa vyetu yalipanda mlima kwa lori langu. Nitasema kwa upole. Mimi Lutengano shule yangu iliishia darasa la nne, ufundi niliuokota chini ya magari ya watu, na lori langu la kwanza nililinunua likiwa halina milango. Kwa hiyo msinitafutie Kiswahili cha vitabuni. Tafuteni kama hesabu yangu ina kosa.

Vijana sita waliandika Nairobi. Nairobi inaombwa na Tanganyika nzima, na Kenya, na Uganda, na Unguja. Ikamchukua mmoja wetu, Timotheo, nasi tulimfurahia na kumsindikiza kwa nyimbo. Je, Dar es Salaam, wanakofundisha majengo na madaraja, ilisemaje juu ya wale watano? Haikusema kitu. Hatukuiuliza, nayo haikutujibu. Na reli, wanaotafuta vijana wa mitambo kila mwaka? Hivyo hivyo.

Kwa nini hatukuuliza? Hapa lazima nimsifu Mzee Eliezeri, maana anastahili. Huyu ndiye aliyepima kiwanja cha shule hii kwa kamba ya katani wakati wengine tulikuwa tunauliza shule itatusaidia nini. Akisema neno, mlima mzima unalishika. Katika mkutano wa halmashauri alisema: “Mwanamume haposi nyumba mbili. Tuma mshenga kwa baba Sekela, tuma mwingine kwa baba Damari, wale wazee watakutana sokoni, na wewe utarudi na ng'ombe wako.” Tukacheka, tukapiga makofi. Mwalimu Mkuu akachukua rula na wino mwekundu, akaufuta mstari wa pili na wa tatu kwenye kila fomu. Alifuta vizuri, kazi ya mwalimu, mistari imenyooka.

Mzee alikuwa na sababu. Zamani kijana wetu mmoja alikubaliwa mahali pawili, akaenda kumoja, na kule kwingine hakupeleka hata salamu. Shule iliona haya. Lakini ndugu zangu, dawa ya yule ilikuwa kumfundisha kuandika barua ya kushukuru na kuaga. Na hii fomu hatukuitunga sisi. Waliochapa mistari mitatu ndio walioyataka majina matatu. Anayekuuliza majina matatu, atakasirika ukimpa matatu?

Mwezi wa Agosti nilipeleka viazi Iringa. Pale sokoni yuko Mama Evarista, wa upande wa Tosamaganga, tunafanya biashara siku nyingi.

“Kamwene, baba Mika. Mtoto yuko chuo gani?”

“Yuko Chunya,” nikamwambia.

“Chunya kuna chuo?”

“Kuna mchanga. Anapepeta dhahabu.”

Akaacha kupanga viazi. “Mika huyuhuyu? Aliyekuwa anamfundisha Didas wangu hesabu likizo?”

“Huyohuyo. Na Didas?”

Akainamisha kichwa, mama wa watu, kana kwamba ameniibia. “Nairobi walimkataa. Dar es Salaam wakamchukua. Anajifunza madaraja.”

Didas alikuwa nyuma ya Mika kwa alama, na mwenyewe anasema hivyo. Simwonei wivu, shule yake haikumfutia, aliandika mistari mitatu. Mwanangu Mika, naye ni wa wale watano, aliandika mmoja, na daraja la Chunya, kama mnavyolijua, huvukwa kwa kusukuma gari.

Mwezi uliopita nilimpakia Mzee Eliezeri kwenda Iringa kwenye mkutano wa kanisa. Tulipopita Igawa, tairi la nyuma likapasuka. Mzee akawa wa kwanza kushuka. “Lutengano, teremsha hilo la akiba, tutachelewa.” Nikamwuliza, “La akiba, Mzee? Tukilibeba si tunayatukana haya mengine?” Alicheka, niwaambie ukweli, alicheka mpaka nikafunga nati ya mwisho. Kisha akasema, “Wewe Lutengano, gari ni gari, mtoto ni mtoto.”

Maneno hayo nimetembea nayo hadi leo, na nayakubali. Gari ni gari: likiharibika, nitahangaika, nitapata jingine. Mtoto ni mtoto. Sasa mbona gari ndilo tunalolipatia akiba?

Wako wanaosema kijana mwenye chuo cha akiba atalegea. Nimeendesha barabara hii masika na kiangazi, na sijaona dereva anayejitupa kwenye mashimo kwa sababu ana tairi nyuma.

Ninyi vijana saba, nisikilizeni. Akiba si kitu chochote. Tairi la baiskeli halitatoa lori matopeni. Mstari wa kwanza andika unakokutamani. Wa pili, andika mahali panapofundisha kazi hiyohiyo na panapochukua alama ulizo nazo tayari. Wa tatu, andika mahali ambapo, ukikubaliwa hapo tu, utafunga sanduku na kwenda bila kununa. Ukijua hutakwenda, usipaandike. Hapo ndipo maneno ya Mzee ni ya kweli.

Bwana Mkuu wa Wilaya, karakana ni nzuri. Ina madirisha, ina meza, ina jiliwa la kubania chuma. Tumewajengea watoto mahali pa kushika nyundo. Je, tutawafunga mkono wa kushika kalamu?

Fomu saba ziko ofisini, mistari bado haijafutwa. Ya nane ni ya Mika. Amerudi kutoka Chunya jana, amesimama kule mlangoni na vumbi lake, na fomu yake inahitaji sahihi ya Mwalimu Mkuu kama hizo nyingine. Gari la posta linapita kesho saa tatu asubuhi.

Wazazi, nawashukuru kwa kunituma; wageni wetu, asanteni kwa kunivumilia na kunisikiliza. Mzee Eliezeri, Mwalimu Abrahamu, nawauliza mbele ya watu hawa wote, kwa heshima: fomu hizi nane zitakwenda na mistari mitatu, au mmoja? Kesho saa mbili nitakuwa kwenye ngazi ya ofisi. Sihitaji hotuba ya kunijibu. Neno moja linatosha.