Wifi Aliyekikata Kiungo cha Nyonga

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkurugenzi wetu, madaktari bingwa wa mifupa mlioacha wodi zenu kuja kutuona, ndugu wageni waalikwa, wafanyakazi wenzangu wa karakana na wa maabara, mama mkwe wangu uliyezipanda ngazi zile na magoti yako, mume wangu, na wewe tunayekuaga, wifi yangu: poleni na safari, na poleni na joto la ukumbi huu.

Mtanivumilia nikiegemea meza. Nimepewa nafasi hii kwa sababu mimi ndiye mchoraji wa viungo bandia katika taasisi yetu, na kila nilichokichora kwenye kompyuta kilipita mikononi mwa huyu mama kabla hakijaingia mwilini mwa mtu. Tena nimeolewa na kaka yake. Kwa hiyo kazini naulizwa ya nyumbani, na nyumbani naulizwa ya kazini, na hakuna mahali ambapo nimewahi kukaa nikaulizwa habari zangu mwenyewe. Nikisema "wifi leo hapatikani," vijana hukimbilia kukagua mtandao. Ndugu zangu, mtandao hukatika. Huyu hakuwahi kukatika, na ndiyo maana mnamwona amechoka hivi.

Wageni wetu, sitawachosha na elimu ya mashine. Kwa kifupi, humu tunajenga viungo vya chuma tabaka juu ya tabaka. Unga laini wa titani hutandazwa, mwale wa leza huupitia na kuuyeyusha pale tu panapotakiwa, hutandazwa mwingine juu yake, hivyo hivyo hadi umbo likamilike. Sasa niulizeni: joto la kidimbwi kile cha chuma kilichoyeyuka, kidogo kama ncha ya sindano, mtu atalipimaje? Atatia kidole? Atachomeka kipimajoto cha homa? Kinachobaki ni mwanga wake. Chuma cha moto hung'aa, na mng'ao wake ukisomwa vizuri husema joto lake. Kazi ya wifi ilikuwa kuiwekea mashine jicho la kuusoma mng'ao huo. Kazi yake nzito zaidi ilikuwa kutoliamini jicho hilo kupita kiasi.

Mume wangu, yule pale mwenye fimbo, alikuwa fundi wa kuezeka. Asubuhi moja bati lilimteleza mguuni, akaanguka, nyonga ikasagika. Madaktari walisema viungo vya kawaida havitapata mfupa wa kushika, achorewe chake. Nikamchorea mimi, mkewe. Mashine ikakijenga, kikatoka kinang'aa kama sufuria mpya. Jicho lilisoma joto sawasawa tangu mwanzo hadi mwisho. Chumba cha upasuaji kikatengwa, na sisi nyumbani tukaanza kucheka tena.

Wifi alikichukua, akakigeuza-geuza dirishani, akakirudisha mezani taratibu.

"Hapa pana jambo," akasema. "Jicho linasema joto limetulia. Lakini tazama mistari iliyoachwa na leza hapa juu, mipana hivi, kama ya chuma kilichopata joto zaidi. Kimojawapo kinadanganya."

Mkurugenzi wa wakati ule alimjibu kwa upole wa mtu aliyekwisha kuahidi wakubwa. "Mama, kimepita ukaguzi wote. Hospitali wanasubiri. Unataka nini tena?"

"Nataka kukikata katikati."

Picha za eksirei hazikuonyesha kitu, kwa sababu matundu aliyoyashuku yalikuwa madogo mno. Kuyaona kulitaka msumeno na darubini. Na unga wa titani ulikuwa umetuishia; shehena nyingine ingefika kwa meli, lini, hakuna aliyethubutu kusema. Kama wifi angekikata na kukikuta kizima, angekuwa amemnyang'anya kaka yake mguu kwa wasiwasi wake tu. Asingekikata, kingeingia mwilini kama kilivyo. Nani kati yetu hapa angependa kuchagua?

Alikwenda wodini kumwambia mwenyewe. Nilikuwepo, na mama mkwe alikuwepo akimenya chungwa.

"Kaka, kiungo chako nitakikata."

"Umekunywa nini?" mume wangu akauliza.

"Sijanywa kitu. Ninashuku kina matundu ndani."

"Na ukikikuta kizima?"

"Nitakuwa nimekutesa bure."

Mama mkwe aliweka kisu chini. "Huyu ni damu yako," alisema. "Si kipande cha majaribio. Dada wa wenzake huomba dua, wewe unaleta msumeno!"

Wifi aliinamia kitanda akalinyoosha shuka la kaka yake, na kaka yake akageuza uso akautazama ukuta. Njiani kurudi kazini nilitembea bega kwa bega naye. Ningesema nini? Yule ni mume wangu, na huyu nilikuwa namjua, hashuku bure.

Kikakatwa. Akausugua uso wa kipande mpaka ukawa kama kioo, akakiweka chini ya darubini, akatazama kwa muda, kisha akanipisha. Ndugu wageni, mmewahi kukata mkate wa ngano mkaona ulivyo ndani? Ndivyo ilivyokuwa titani ya mume wangu. Juu imara, ndani imejaa vitundu. Daktari bingwa aliyekuja kuona alisema kingestahimili hatua za mwanzo, kisha kingevunjika ndani ya mwili.

Sababu ilikuwa ndogo ya kuudhi. Chuma kinapoyeyuka hutoa moshi, na moshi ule ulikuwa ukitanda polepole kwenye kioo ambacho jicho huchungulia. Jicho likaona mng'ao hafifu, likaripoti kwamba joto limeshuka. Mashine, kwa utii wake, ikaongeza nguvu ya leza mpaka jicho likaridhika. Chuma kikachemka, mapovu yakanaswa ndani, na karatasi za vipimo zikaendelea kusema mambo ni shwari.

Mtu mwingine angerudi wodini kifua mbele. Wifi aliketi sakafuni, mgongo kwenye kabati, akauliza kwa sauti ndogo, "Na wale waliotangulia?"

Maana walikuwepo. Walikuwepo watu waliokwisha kuondoka na viungo vyetu miilini. Taasisi ilitaka kuwaandikia barua. Wifi akakataa, akasema habari kama hiyo haiandikwi, husemwa kwa mdomo. Akawapigia simu mmoja mmoja. Wengi walikutwa salama. Wachache walirudi kupasuliwa tena. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi alimsikiliza hadi mwisho, akamwambia, "Mwanangu, mimi nilikuwa nimeshaanza kutembea mwenyewe hadi sokoni." Hakumtukana. Wifi aliniambia baadaye kwamba angetukanwa angepumua.

Kisha ikaanza kazi ambayo haina picha ya kutundika ukutani. Alitafuta njia ya kusoma joto hata kioo kikichafuka, na akaipata kwa kulisomesha jicho rangi mbili za mwanga badala ya moja. Moshi hufifisha zote mbili karibu sawa, hivyo ukilinganisha moja na nyingine, ulinganisho wenyewe hautikisiki sana. Mkisikia hivyo mnadhani ni jambo la siku moja. Ilikuwa kupasha chuma kwenye tanuri, kupima, kukosea, kupoza, kupasha tena. Chuma kigumu na chuma kilichoyeyuka havimeremeti sawa. Akirekebisha huku, kule kunaharibika. Alikuwa akija kwetu siku za mapumziko, anakula ameegemea mkono, na kijiko kinasimama njiani.

Shehena ilifika, kiungo kikajengwa upya, kipande cha majaribio kilichojengwa pembeni yake kikakatwa kikakutwa safi, na mume wangu akapasuliwa. Lakini subira ile ilikuwa na gharama yake. Misuli ya mguu ilikuwa imesinyaa kwa kulala. Anatembea, namshukuru Mungu, ila paa hakupanda tena. Na kwa muda mrefu dada yake akiingia, yeye alikuwa anapata kazi ya kufanya uani.

Msidhani walipatana kwa hotuba. Siku moja gari letu la kazini liliharibika, na mvua inanyesha. Mume wangu akakodi gari akaja kutuchukua. Aliketi mbele na dereva, na karibu na nyumbani akasema bila kugeuka, "Dada, kile kiungo cha kwanza kingeshindwa kunibeba. Ningeanguka barabarani." Wifi akajibu, "Ndiyo, kaka." Basi. Wametosheka na hayo mpaka leo, na mimi nimechoka kungoja waongeze.

Wifi yangu, nilikuandalia sifa nyingi, lakini nguvu za kuzisoma sina, na wewe nguvu za kuzisikiliza huna. Umepima moto maisha yako yote, na pole pekee uliyowahi kupewa ni hii ninayokupa mbele ya watu: pole sana, wifi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, uliniuliza pale mlangoni kiti kile kitupu cha mbele ni cha nani. Ni cha binti mhandisi anayerithi kazi ya wifi. Asubuhi hii, wakati tunapanga maua, aliisimamisha mashine. Jicho halijamridhisha. Kiungo kilichokuwa kikijengwa kina mgonjwa anayekisubiri, simu za hospitali zimekwisha kuanza kuita, na yeye amekataa kutoka huko hata kwa keki.

Habari ilipotufikia, wifi alishika mkoba wake akainuka. Nikamshika mkono nikamwambia, "Wifi, umestaafu. Yuko mwenye kazi."

Alisimama pale akiutazama mlango. Kisha akaketi, akavua viatu chini ya meza, wifi, ulidhani hatukuoni, akafumba macho. Tangu nimjue, sijawahi kumwona amefumba macho na mashine ina shida.

Kwa hiyo naomba tusipige makofi makubwa. Ahsanteni kwa masikio yenu, na mwacheni apumzike.