Gunia la Nabiswa

Kijiwe chetu ni nguzo ya stima iliyolala chini, hapa Kayole, kando ya njia ya kwenda Njiru. Mwaka huu wa themanini na nne, ukame umebana na viwanda vya Industrial Area vimepunguza vibarua, basi tunakaa hapo kutwa na Dirie, muuza kahawa, anatumiminia vikombe. Injinia ni Gichuru, ambaye kazi yake yote kiwandani ilikuwa kupaka mashine grisi. Redio ni Laban, na hajawahi kuzimwa. Nabiswa hana jina la utani kwa sababu haongei. Miezi mitatu iliyopita alisukuma gunia la udongo ndani ya bomba la maji taka, maji yakafurika kwenye shamba lake la sukuma wiki, na yanayobaki huingia mtoni. Akilitoa, sukuma zitakauka kwa wiki moja, na watoto wake sita hawana chakula kingine. Sisi wanunuzi wa mboga hizo tumenyamaza, mimi kuliko wote.

Jana watu wa kanju, baraza la jiji, walipita wakiuliza mbona mabwawa ya kusafishia maji taka, huko chini, hayapati maji. Leo kijiweni tulikuwa bado tunalijibu swali hilo.

REDIO: Manze, ni kiboko. Anayanywa usiku, mchana amezama.

INJINIA: Kiboko gani, buda? Bomba lililazwa likitazama mlima. Maji yanapanda, yakichoka yanarudi.

REDIO: Mbona hatuyaoni yakirudi?

INJINIA: Yanarudi taratibu.

Nabiswa alicheka kidogo, akaficha miguu chini ya nguzo. Kayole nzima ni yeye tu aliyekuwa na tope kwenye viatu.

REDIO: Basi kuna shimo. Yanaingia hapa, yanatokea Mombasa.

INJINIA: Hapo umesema! Ndio maana bahari ina chumvi.

DIRIE: Wallahi, na mimi nilishaogelea huko!

Tulikuwa bado tunacheka alipofika mama mmoja kutoka upande wa Njiru, mkononi ana mtungi mtupu.

MAMA: Hamjambo, wazee?

INJINIA: Hatujambo, mama. Karibu kahawa.

MAMA: Asante. Naitwa Mukai. Kwetu visima vimekauka, tumebaki na mto. Sasa kitoto changu kinaharisha siku ya nne, na nesi amekataza nisikipe tena maji ya mto.

REDIO: Pole, mama.

Ni hayo tu aliyoyasema Redio. Injinia alianza habari ya mlima, akaiacha katikati.

MUKAI: Sijaja kutafuta mtu. Nauliza tu, leo nimchotee mtoto maji wapi?

Niliona aibu, tena aibu ya kuchoma, maana jana nilikula sukuma hizo nikasifu utamu wake. Dirie aliinuka, akachukua debe lake la maji safi ya kupikia kahawa, akayamimina yote kwenye mtungi wa Mukai.

DIRIE: Chukua, dada. Yamechemshwa.

REDIO: Na kahawa?

DIRIE: Kahawa imekwisha.

Mukai alishukuru kwa mikono miwili, akafunga mtungi vizuri. Kisha akauliza, bila hasira yoyote.

MUKAI: Na kesho?

Hatukuthubutu kumtazama Nabiswa.