Timazi, Mtu Aliyeshusha Picha Zote

Mimi fundi taa ndiye kijana hodari kuliko wote katika jengo hili la sanaa. Nikizima swichi zangu, wachoraji wenu maarufu wote wanageuka ukuta mtupu. Shule niliiacha njiani, au yenyewe iliniacha, tusigombane. Jarida la wafanyakazi lilipotafuta mwandishi wa kumuaga Mzee Timazi, wasomi wote wakajifanya wana mafua. Basi nimeshika kalamu.

Mzee Timazi, mtundika picha wetu, anastaafu Ijumaa hii baada ya miaka thelathini na moja ya kazi. Jina tulimpa kwa sababu ya timazi yake, ile kamba yenye kipande cha chuma cha kupimia kama kitu kimenyooka. Haimtoki mfukoni. Siku moja alimpima nayo mkurugenzi akihutubia, akaninong'oneza kwamba bosi amelalia kushoto.

Kimo cha picha hakukipima kwa futi. Alikuwa na ufito wenye alama moja tu: usawa wa macho ya mkewe, ambaye sote tunamwita Mama. Kila msimu, maonyesho mapya yakishatundikwa, Mama alikuja kabla ya wageni, akapita ukumbi kwa ukumbi. Akisema, "Mzee, huyu ananitazama utosini," picha inashuka.

Mwaka huu magoti ya Mama yamegoma, anatembelea kiti cha magurudumu. Akasema maonyesho hayamhusu tena, aje kutazama nini, kuta? Mzee alikata alama mpya kwenye ufito, akashusha kila picha, chini na ghorofani, ambako alimpangia ukumbi mzima wa picha za mvua, maana Mama anapenda mvua kuliko anavyompenda yeye. Mkurugenzi akang'aka, "Mzee, unawatundikia paka?"

"Kaa kwenye stuli, bosi, kisha uniulize tena."

Bosi akakaa. Alikaa mpaka nikamzimia taa.

Sasa watoto hawabebwi mabegani. Wanasimama wenyewe mbele ya picha na kubishana nazo. Warefu wanainama kidogo, na hakuna aliyevunjika. Msimu ujao tutatundika hivyohivyo, mkurugenzi ameshasema.

Mzee wetu, asante sana. Lala mpaka jua likuchoke, na siku zako zijae furaha. Ila kule jikoni usimshushie Mama kila kitu bila kumuuliza.

Na jambo moja liliharibika kweli, siwezi kulipaka rangi. Mama alikuja, akauona ukumbi wa chini wote, akacheka mpaka akafuta machozi. Tulipofika kwenye lifti, ikakataa. Tukataka kumbeba ngazini, akatufukuza: "Mimi si fremu, wanangu!" Basi Mzee akaketi kwenye ngazi ya kwanza, akamsimulia picha za mvua, moja baada ya nyingine. Lifti bado haijapona. Ukumbi aliotundikiwa yeye, Mama hajauona.