Fulana Zilizoanikwa Juani: Historia ya Marehemu Veneranda Lugembe

Ndugu waombolezaji, mpendwa wetu Veneranda alizaliwa Tura tarehe 14 Machi 1974, binti wa kwanza wa mzee Eustace Lugembe na mama Martha, akasoma shule ya msingi hapohapo Tura kuanzia mwaka 1982 hadi 1988, kisha akajifunza ushonaji kwa masista mjini Tabora, na mliomfahamu mtakubali kwamba kwa usafi alikuwa msumbufu, hata mgeni alikaguliwa miguu mlangoni.

Tarehe 6 Mei 1995 alifunga ndoa na Eliya Zablon, fundi wa reli, wakajaliwa Julieth na Deus.

Mwaka 2011 aliajiriwa kutunza sare za kampuni moja ya ulinzi hapa Gongoni, na mwaka 2014 zikaletwa fulana za kuzuia risasi, za kitambaa chepesi cha njano kilichopangwa tabaka kwa tabaka, walinzi wakafurahi kuachana na zile nzito za chuma, naye kila Jumamosi alizifungua, akazitoa tabaka zake, akazifua na kuzianika kutwa nzima, maana mama alimfundisha kwamba nguo lazima ipigwe jua ndipo itakate. Hakuna aliyemwambia kwamba kitambaa kile huharibiwa na jua.

Tarehe 9 Agosti 2016, mlinzi Fikiri Majidi, mwenye miaka ishirini na sita, alipigwa risasi karibu na Kaliua akisindikiza lori la tumbaku, na risasi ikapenya fulana, akafariki. Veneranda ndiye aliyemfunga fulana asubuhi ile. Mtaalamu alipoeleza sababu, hakuna aliyemshtaki, lakini aliacha kazi, na tangu hapo hakuanika kitu nje, sare ya shule ya Deus ilikaukia chumbani ikanuka uvundo, nasi, Mungu atusamehe, tulimcheka.

Mwaka 2019 alianza kuugua shinikizo la damu, Novemba 2024 akapata kiharusi, na kila akisikia hodi alimwita Fikiri aingie aivue ile fulana, hadi alipofariki tarehe 3 Februari 2025, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi, majirani na walinzi aliofanya nao kazi. Familia tulikubaliana kuiruka habari ya Fikiri, tuliona aibu, lakini jana mama yake, Bi Amne, aliyeketi pale na wafiwa, alituambia, "Msimsome Veneranda mkamwacha mwanangu. Miaka minane alikuja kwangu kuomba radhi, nami sikumfungulia mlango hata mara moja."

Bi Amne ameomba awe wa kwanza kuweka udongo, nasi tumemkubalia. Pumzika, dada yetu, kwa amani uliyoikosa.