Alama ya Kutoa

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mheshimiwa Mkuu wa Chuo, waheshimiwa wahadhiri ambao leo ndiyo tunagundua kumbe mna miguu, wahitimu wenzangu, wanafunzi wapya mnaoanza Jumatatu, ndugu wageni waalikwa, na wewe mama yangu mzazi uliyekaa safu ya mbele na gauni lako la kijani: nawasalimu nyote kwa heshima.

Mkuu wa Chuo alinipigia simu akasema, "Mama Mashuka, wewe ndiye mkubwa wao, hebu waambie wapya namna ya kuanza kozi ya jiografia mtandaoni. Wachekeshe kidogo, wasiogope." Jina hilo nimelipata kwa haki, maana mwaka wa kumi na tisa huu nafua mashuka ya hospitali. Kuchekesha nitajaribu. Kuhusu kuogopa, sitoi ahadi.

Kuanza ni hivi. Neno la siri liandike mahali. Mimi siku ya kwanza nililisahau mara tatu. Kamera izime kabla hujapiga mswaki, darasa zima lisije likajua una meno mangapi. Na lile zoezi la kwanza, la kuweka nukta nyekundu kwenye ramani ya darasa mahali ulipokaa, usilidharau hata kidogo.

Ndugu zangu, mimi sikuja chuoni kutafuta cheti. Nilikuja kumtafuta mdogo wangu.

Mdogo wangu alikuwa fundi bomba, na mtaani walimwita Profesa kwa sababu hakuna alichokuwa hakijui, au ndivyo alivyodhani. Alijiunga na kozi hii hii kabla yangu, na hakumaliza wiki ya kwanza. Wiki hiyo alitusumbua! Ukimuuliza yuko wapi, hasemi yuko kwa kinyozi. Anakuandikia namba mbili, latitudo na longitudo, ukatafute mwenyewe. Mimi nilikuwa sizifungui, nacheka tu. Jumamosi moja mchana, akiwa ametoka na begi lake la spana, akatuma ujumbe: "Dada, nipo hapa. Njoo." Na namba mbili. Hizo nilizifungua. Ilikuwa bahari, maji matupu, bila hata kisiwa. Nikamjibu, "Umekuwa samaki sasa?" nikarudi kwenye mashuka yangu.

Hakujibu, na hakurudi nyumbani.

Tulikwenda polisi, tukapita hospitali zote. Tulipowaonyesha polisi ule ujumbe, wakasema huyu kapanda meli. Mama akawauliza, "Meli aipandie wapi, wakati beseni lenyewe analiogopa?" Na siku tatu za mwanzo, kila alipotoka uani kuanika nguo, mama alisimama na kibanio mkononi akasema, "Kuna mtu anagonga chuma. Hamsikii? Anagonga mara tatu, anapumzika." Tukamwambia ni masikio, mama, ni umri. Siku ya nne hakusema tena. Sikio la kufa halisikii dawa, na sikio hilo, ndugu wageni waalikwa, lilikuwa langu.

Miaka miwili niliitazama ile bahari kwenye simu kila asubuhi kabla ya kazi. Mwishowe nikasema, bora nisome, nijue namba hizi zinasema nini. Nikakaa chumbani kwake, kwenye kiti chake, nikafungua kompyuta yake. Zoezi la kwanza: weka nukta ulipokaa. Simu ikanionyesha namba, nikazinakili, nikabonyeza.

Nukta yangu ikaanguka baharini.

Je, mmewahi kuona mahali mnapopajua, nanyi hamjawahi kufika? Maji yale niliyajua. Niliingiza namba za mdogo wangu, nayo nukta yake ikaja ikatua jirani na yangu, ubavu kwa ubavu, kama watoto waliolazwa kitanda kimoja. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti kikavu, na miguu ikawa baridi mpaka magotini.

Mhadhiri wetu, yule pale mwenye miwani, hakujua lolote. Akaniandikia kwa upole tu: "Mama Mashuka, herufi ya Kusini umeigeuza alama ya kutoa, ila umeiweka kwenye namba ya pili. Sisi tuko kusini ya ikweta. Namba ya kwanza lazima itanguliwe na alama ya kutoa, la sivyo unatupwa upande wa pili wa dunia."

Nikaihamishia alama kwenye namba yangu ya kwanza. Nukta ikaruka, ikatua juu ya bati la nyumba yetu. Nikabaki nimeitazama ile ya pili. Tumenyonya ziwa moja, tukakosea kosa moja. Nikaihamisha alama.

Haikwenda mbali. Ilitua kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa, nyuma ya tanuri la matofali, hatua mia nane kutoka kamba ya mama ya kuanikia nguo.

Tulimkuta chini ya shimo. Spana ilikuwa mkononi.

Ninyi mnaoanza Jumatatu, sikuja kuwatisha. Nimewaambia ili mkiona kijistari kile kidogo mbele ya namba, mjue kina uzito wa mtu. Mhadhiri, ahsante, ulidhani unasahihisha zoezi. Mgeni Rasmi, lile shimo limezungushiwa uzio sasa, lakini machimbo mengine saba bado yako wazi. Nimeyawekea nukta, na ramani iko mezani pako.

Namalizia. Leo asubuhi, nikipiga pasi joho hili, mama aliingia kutoka uani na kibanio mkononi. Akasema taratibu, kama anayeomba radhi, "Anagonga tena." Safari hii sikumwambia ni masikio. Nilizima pasi, nikamshika mkono, tukaenda hatua zote mia nane mpaka kwenye uzio. Hapakuwa na mtu. Tulisimama pale, mimi na mama, mpaka ile sauti ya chuma ikanyamaza.

Ndiyo maana tumechelewa, mtusamehe.

Asanteni sana kwa kunisikiliza. Mwenzangu aliita siku tatu, asipate hata mmoja.