Nadira Aolewe Nchi Gani

Kijiwe chetu cha Bofu, hapa Likoni, kiko mbele ya kibanda cha Bwana Jafar, fundi wa kanzu. Ni ubao mmoja mrefu juu ya mawe mawili ya matumbawe, umekaliwa hata umekuwa laini kama kiti cha mbuzi ya kukunia nazi. Baada ya swala ya alasiri Bi Jalila huja na dele lake la kahawa tungu na sinia ya kashata, na hapo ndipo mambo ya dunia huamuliwa. Jumatano ile kulikuwa na jambo moja tu. Nadira, binti wa marehemu nduguye Jafar, afanya kazi Doha, na mchumba wake, kijana wa Jomvu Kuu, yuko huko huko. Wameafikiana harusi iwe ya watu hamsini, nje ya nchi, maana wakifunga ndoa nyumbani watakuja mia tano. Ujumbe wake wa sauti tulikuwa tumeusikiliza mara tatu, simu ikiwa juu ya cherehani: "Ami, wewe ndiye wali wangu. Nchi chagua wewe. Lakini sitaki umtume mtu akuwakilishe. Nataka uniozeshe mwenyewe, mkono wako ndani ya mkono wake. Nipe jibu leo kabla ya magharibi, tushike ukumbi."

Jafar alikuwa ameinamia darizi ya kanzu, pini mbili midomoni. Alisema yuko tayari kwenda popote.

— Nyinyi tajeni, mimi nifunge mkoba.

Musyoka ndiye aliyeanza. Twamwita Ramani, kwa kuwa hupakua makontena bandarini, na kila nchi aijua kwa ubavu wa kontena lake.

— Uturuki, alisema. Kontena zao hazina kutu hata kidogo. Hao ni watu wasafi.

Rama alipinga. Huyu twamwita Mithali: hana neno lisilo na methali, wala hana methali iliyowahi kupata mahali pake. Alisema Uturuki kuna baridi. Wali akitetemeka ulimi utateleza, na ulimi ukiteleza, bwana harusi ataozwa bibi wa watu.

— Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba.

— Hiyo yahusu nini baridi? Bi Jalila akauliza.

— Yahusu theluji. Huanguka haba na haba.

Ramani hakukata tamaa. Alihamia Maldivi. Huko, alisema, kuna hoteli yenye ukumbi wa kioo chini ya bahari. Wageni wala biriani huku samaki changu wapita juu ya vichwa vyao, na papa akija hutazama tu, kama jirani ambaye hakualikwa. Rama naye, asionekane ameshindwa, akajipiga goti kwa kiganja.

— Hilo sasa ndilo. Maji ukiyavulia nguo, huna budi kuyaoga.

Cherehani ikanyamaza. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake, methali ya Rama ilikuwa imepata mahali pake. Bi Jalila alimimina kahawa ndani ya kikombe kilichojaa, ikamwagikia vidole vya Ramani.

Jambo la Jafar na maji Bofu nzima yalijua, na hakuna alisemaye. Babake Nadira alikuwa mzamiaji, akikwangua magamba kwenye matumbo ya meli. Siku moja alizama, hakuibuka. Nadira alikuwa na miaka minne. Tangu siku hiyo, mwaka wa ishirini na mbili huu, Jafar hajakanyaga feri ya kwenda mjini. Uzi na vitambaa vyake vya mjini huletwa na Ramani, ambaye kila mara husema alikuwa akipita tu. Hata barabara ya Dongo Kundu, ya kufika mjini bila feri, ilipofunguliwa, Jafar aliuliza kama ina madaraja. Alipoambiwa yako, marefu, juu ya maji, alisema ni njia nzuri hiyo, kwa wenye haja nayo.

Basi ikabidi kimya kile kizibwe haraka. Ramani akazua nchi ya kaskazini ambako jua halizami miezi sita, kwa hivyo harusi haina mwisho na pilau haipoi. Bi Jalila akauliza magharibi itaswaliwa lini. Kama ni hivyo, alisema, Nadira naye angoje jibu lake miezi sita. Rama akapaa juu zaidi: ndoa ifungwe ndani ya ndege. Ndege haina nchi, basi iko nje ya nchi zote kwa pamoja. Na kibla? Rubani ataombwa aelekee huko. Jafar alicheka pamoja nasi, lakini sindano yake ilikuwa ikipita palepale ilipokwisha kupita.

Hapo ndipo alipofika Ngala, kuchukua suruali yake iliyopunguzwa. Ni utingo wa gari la Likoni na Lunga Lunga, na mtaani kwetu amepanga chumba mwezi uliopita tu. Akawaamkia wazee, akaitikiwa marahaba, akapewa kahawa. Alisikiliza Maldivi na ndege mpaka kikombe chake kikaisha, akauliza wali ni nani. Akaonyeshwa.

— Na mzee mwenyewe, atavuka na nini?

Ramani alitazama ndani ya kikombe. Bi Jalila aliinamisha dele, likatoa mashapo.

Jafar akatoa pini midomoni, moja baada ya moja, akazichoma begani mwa kanzu.

— Sivuki, alisema. Mimi maji sivuki. Hawa wenzangu wajua, lakini wanisitiri.

Hatukuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwake. Ngala peke yake hakushtuka, kwa kuwa hakuna aliyemwambia ni siri.

— Basi ndege ya nini, mzee? Kuna Tanga. Kutoka hapa Likoni ni lami tupu hadi Lunga Lunga, wapita mpaka wa Horohoro kwa miguu, na gari la Tanga lakungoja upande wa pili. Feri hamna.

Ramani alilalamika kwamba kontena la Tanga hajapata kuliona. Rama akasema Tanga si nje ya nchi, Tanga ni kwa shangazi yake.

— Pasipoti ikigongwa muhuri ni nje ya nchi, Bi Jalila alisema. Hata kama ni kwa shangazi.

Jafar hakuwasikia. Alikuwa akimtazama Ngala.

— Maji hakuna kabisa?

Ngala alifikiri kidogo. Angeweza kumdanganya.

— Mito iko. Ramisi, kisha Umba. Lakini madaraja yake ni mafupi. Ukihesabu mpaka kumi ushavuka.

Tukaiona midomo ya Jafar ikihesabu, bila sauti, mpaka kumi. Kisha akachukua simu.

— Nadira, mwanangu. Iwe Tanga. Nitakuja mimi mwenyewe, inshallah.

Rama akavuta pumzi ya kutoa methali. Bi Jalila akamwekea kashata mkononi, akamwambia leo ameshapatia moja, yatosha.

— Gari lenu la kwanza kesho laondoka saa ngapi? Jafar akamuuliza Ngala.

— Saa kumi na mbili.

— Niwekee kiti. Nitakwenda mpaka Umba, nirudi. Nataka kujua hiyo kumi yako ni ya haraka au ya polepole.

Ramani akajifuta kahawa vidoleni, akakohoa. Alisema kesho naye ana shughuli huko Lunga Lunga. Atakuwa akipita tu.

— Basi viti viwili, Jafar alimwambia Ngala. Cha dirishani kiwe changu.