Qu Yanshan, Mpimaji wa Miamba ya Mafuta

Ndugu, majirani na wafanyakazi wenzake wa marehemu, mimi ni Jiang Kaiwen, mtoto wa dada yake, na ninasoma haya kwa sababu mjomba hakuacha mtoto wa kuyasoma.

Qu Yanshan alizaliwa tarehe 9 Machi 1952 katika kijiji kimoja karibu na Weifang, mkoani Shandong, akasoma huko huko hadi sekondari, mwaka 1970 akaja hapa Daqing kuwa kibarua wa visima vya mafuta, akapelekwa chuoni kusomea miamba, na Agosti 1976 akaingia maabara, alikofanya kazi hadi kustaafu mwaka 2012. Kazi yake mnaijua: mwamba ukitolewa chini anauvunja, anaunusa, anauonja kwa ncha ya ulimi, anaudondoshea tone la maji, tone likikaa juu bila kunywewa basi mafuta yamo, kisha anapima kama vitundu vya mwamba vimeungana, maana mafuta yaliyofungiwa kila tone katika kitundu chake hayatoki hata uyabembeleze.

Kuhusu ndoa, marehemu alimposa Bi Luan Guizhi, harusi ikapangwa Februari 1982. Kaka wa bibi harusi, mkuu wa wachimbaji Luan Dehai, alikuwa amechimba kisima kimoja majira yote ya baridi, watu wake wamepasuka midomo, na mwamba ulipotoka ukinuka mafuta wakachinja nguruwe papo hapo. Mjomba akapima, akasema vitundu havikuungana, kisima hakifai.

"We shemeji, umetumwa?" Luan akamfokea mbele ya watu. "Andika zuri, tule nyama!"

"Nyama kuleni, shemeji, lakini jiwe hili halitoi kitu."

Kisima kikajaribiwa, kikatoa ndoo chache, kikafungwa, kikosi kikavunjwa, na Luan akaapa dada yake haolewi na mtu yule. Mjomba alisikia, hakwenda kumuuliza Bi Guizhi mwenyewe, na hakuoa.

Watoto hakujaliwa. Kila Mwaka Mpya tulimwita kwetu, akadai ana kazi, na kazi hakuwa nayo, alikuwa akichemsha jiaozi zake, vile vifuko vya unga vyenye nyama, na kuzila peke yake. Jambo hilo linatuuma hadi leo.

Oktoba 2023 aligunduliwa kuwa na saratani ya mapafu. Desemba Bi Guizhi, mjane, akiwa ameshamzika kaka yake, alikuja kwa treni kutoka Harbin, akaketi kando ya kitanda.

"Kaka ndiye aliyekataa, we mjinga," alimwambia. "Mimi nani aliniuliza? Nilikungoja hadi mwaka wa tatu ndipo nikaolewa."

Mjomba aligeukia ukutani, sisi tukatoka chumbani. Alifariki asubuhi ya tarehe 14 Januari 2024, Bi Guizhi akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa ngazi ya tatu ya jengo lake waliompelekea uji, na wenzake wa maabara waliobeba jeneza. Bi Guizhi, tunakuomba usimame mwanzo wa mstari wa familia, watu wakupe mkono wa pole wewe kwanza.

Mjomba, pumzika kwa amani, mfiwa wako yupo.